Redio ya Baba, Vitambaa vya Mama

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia mpaka kwenye uji wa Joha. Nepi nimefua mara mbili, mara mbili zimerudi nyekundu. Usingizi sina. Mtoto anaota jino la tatu na mtaa mzima unajua.

Lakini nimeamua jambo! Nitawanunulia Baba na Mama redio mpya.

Naandika sababu nisije nikasahau. Mwezi uliopita Mzee Swalihu wa Busi alifariki, rafiki wa Baba tangu ujana wao wa kuuza nguo minadani. Tangazo lilitoka redioni mara mbili. Baba alikuwa kakaa papo hapo mbele ya redio, na hakwenda kuzika! Siku hiyo Mama alikuwa kwangu, Joha ana homa, kwa hiyo hata wa kumsaidia kusikiliza hakuwepo. Watu wa Busi wamesema Baba, Mzee Abdulkadiri, siku hizi ni mtu wa mjini, hana muda na maiti za shamba. Baba chakula anakula nusu.

Kosa ni la ile redio. Umri wake na wangu ni mmoja. Imefungwa mpira wa baiskeli kiunoni, erio yake kipande cha waya, na inakoroma. Baba anaifungulia sauti mpaka mwisho, halafu Mama naye anapiga kelele juu yake, zinakuwa redio mbili. Jirani yao Mzee Bartolomayo, mstaafu wa reli, huja kila mchana kusikiliza matangazo ya vifo na kunywa chai. Anasema akibaki kwake anasikia vizuri zaidi kuliko akiwa mle ndani.

Nataka redio ndogo, nyepesi, isiyo na makuu. Ikae pembeni, wazee wapumzike masikio.

Nimemwambia Fahadi, baba Joha. Alikuwa anavua viatu. Kaniuliza kama nimemuuliza mzee anataka nini.

Wanaume! Zawadi huulizwa?

Jumatano, 7 Septemba

Nimekwenda dukani kwa Madhu, Barabara ya Saba, Joha mgongoni. Zamani duka lile lilikuwa na balbu moja na kalenda. Tangu biashara iachiwe huru, huoni ukuta. Redio mpaka darini.

Madhu kauliza ni ya nani. Nikasema ya wazee. Wanasikiliza nini? Vifo. Kanitazama kidogo, halafu kaenda kuleta dude la kaseti mbili lenye taa za kucheza. Nikamwambia, Bwana Madhu, anayesikiliza nani kafa hahitaji taa za kijani na nyekundu. Kacheka mpaka miwani ikamteleza. Kaleta nyingine, vitufe kumi na kimoja. Nikamwambia nataka kitu chenye kitufe kimoja. Akasema cha kitufe kimoja anacho, mama, kinaitwa kengele ya mlango.

Mwisho tukapata. Nyeusi, ukubwa wa nusu mkate. Kirungu cha sauti, kirungu cha stesheni, basi. Akaiwasha. Sauti laini, kama mtu mstaarabu yuko chumba cha pili. Joha kalala palepale! Mara ya kwanza tangu Jumapili. Nikajua hiyo ni ishara.

Madhu kaniuliza kwa upole masikio ya mzee yakoje. Nimechukia kweli. Nikamwambia masikio ya Baba hayana shida, yenye shida ni redio. Kafunga mzigo.

Zamu yangu ya upatu ilikuwa ya godoro. Godoro litasubiri. Mgongo wangu haukuulizwa.

Natoka tu, namkuta wifi Rukaya, mke wa kaka yangu mkubwa, katika baibui mpya. Eti kaka yuko Dubai na mzigo wa mzee uko njiani, sistimu nzima, spika zinamfika yeye kiunoni. Akauliza mimi nimebeba nini. Nikasema sabuni.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimewahi mimi! Nimefika kwa wazee kabla ya saa nne. Shikamoo Baba, shikamoo Mama, hii hapa. Baba kasema asante mwanangu, Mungu akuzidishie. Akaigeuzageuza. Nadhani alikuwa anatafuta iliyobaki.

Mama kafurahi zaidi. Nimegeuka kumbadili Joha nepi, nageuka tena, redio imeshavishwa. Kitambaa cha kufuma chini, kitambaa juu, na kingine mbele kinaning'inia kama pazia. Sauti ikawa ya mtu aliyejifunika blanketi.

Nikatoa cha mbele. Mama akakirudisha. Nikatoa. Akarudisha, akaniuliza tangu lini nyumba yake ikaweka redio uchi sebuleni, wageni wasemeje.

Mchana Mzee Bartolomayo kafika. Kainama mpaka sikio limegusa kitambaa, kauliza nani kafa. Hakuna aliyejua. Baba kasema kwa sauti kubwa kwamba redio ni nzuri, imetulia sana.

Redio ya zamani Mama kaipeleka jikoni. Sikumwona akiisikitikia, lakini betri zake kazianika kwenye ungo juu ya banda, pembeni ya mlenda, zipate moto kama kawaida. Mazoea hayo.

Nimechoka. Mguu wa kushoto umevimba.

Jumamosi, 10 Septemba

Akili imenijia nikiwa nasaga karanga. Hedifoni! Zile spika ndogo za kuvaa masikioni. Kitambaa hakitazuia kitu, sauti inaingia moja kwa moja.

Madhu anazo. Safari hii hakuuliza habari za masikio. Alinitazama tu.

Baba kazivaa juu ya kofia, nikamwonyesha ziwe chini ya kofia. Nikaongeza sauti. Uso wake! Ulifunguka kama dirisha. Akasema anasikia mpaka msomaji anavyofunua karatasi. Karibu nilie. Mama akafungua mdomo kumwambia kitu, Baba akanyanyua kidole, subiri.

Nyumba ikawa kimya. Kimya kabisa! Saa iliyoko ukutani sijawahi kuisikia tangu nizaliwe, leo nimeisikia.

Mzee Bartolomayo kaondoka chai haijafika nusu. Amesema kumtazama mtu akisikiliza redio peke yake ni sawa na kumtazama mtu akila pilau dirishani.

Wivu tu.

Nyumbani Fahadi kauliza, sasa mama mkwe anasikiliza nini? Nikamrushia nepi. Ilikuwa safi, kwa bahati yake.

Jumapili, 11 Septemba

Sistimu ya Rukaya imefika kwa mkokoteni, wasukumaji wawili. Imeingia mlangoni kwa ubavu. Meza ya Mama imehamishiwa uani. Rukaya kavaa dhahabu kwa ajili ya kuiwasha.

Ilipowaka, sahani mbili zilianguka kabatini, mbuzi wa jirani akakata kamba, Joha akajikojolea na mimi nilikuwa nimempakata. Muadhini katuma mtu kuuliza kama kuna usalama.

Kisha umeme ukakatika. Mtaa mzima!

Namuomba Mungu anisamehe, nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Rukaya akasema hata hivyo ya kwake ni redio, ya kwangu ni kidude cha kuchezea mtoto. Mama alikuwa anapima spika kwa shibiri na kuhesabu vitambaa. Akasema uzi wa nyumbani hautatosha.

Jumanne, 13 Septemba

Mambo yamenyooka. Umeme umerudi lakini hakuna aliyewasha dude. Baba anakaa na hedifoni tangu mchana mpaka alasiri, anatikisa kichwa taratibu. Ukimpungia mkono, anakupungia. Mtu mwenye raha zake!

Mama nimemkuta uani peke yake, anafuma nguo ya spika. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, ila siku hizi mdomo wake hauna kazi.

Ndivyo nilivyotaka. Apumzike.

Ijumaa, 16 Septemba

Naandika kwa kifupi, nguo zangu bado zina vumbi la lori.

Nilikuwa kwa wazee, watu wametoka swala ya Ijumaa. Mzee Bartolomayo kaingia mbio, kitambaa cha kinyozi bado shingoni, ndevu zimenyolewa upande mmoja. Kamwambia Mama, Adija, pole, Bi Yusra wa Hombolo amefariki. Kasikia kwenye redio ya kinyozi. Anazikwa leo alasiri. Tangazo linatoka tangu jana mchana!

Bi Yusra ni mama mdogo wa Mama. Ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha kufuma.

Wote tukamgeukia Baba. Yuko kwenye kiti chake na hedifoni, anatikisa kichwa.

Nikazivua, nikaweka sikioni kwangu. Hakuna kitu. Hata mkwaruzo. Nikafungua mgongo wa redio, betri zimekufa, zimeshaanza kutoa maji. Tangu lini? Hakuna anayejua. Jumatano labda. Baba anakaa na kimya masikioni siku mbili na anakubali kila neno! Na nani angegundua? Redio yenyewe nilichagua isiyosikika.

Baba alizitazama zile betri kama vile yeye ndiye aliyezimaliza.

Tulipata lori lililoleta zabibu mjini, linarudi tupu. Tukakaa juu ya matenga. Pale Ihumwa tairi likapasuka. Mzee Bartolomayo alishuka kuzuia magurudumu kwa mawe na ndevu zake nusu.

Baba kawahi kutia udongo, mikono mitatu ya mwisho. Mama hakuwahi kumwona uso. Walimngojea tangu jana. Walisema, tangazo tumelipeleka, Adija hawezi kukosa kusikia.

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Wakati wa kurudi, Mama alimsogelea Baba, akamwekea mdomo sikioni, akaanza kumpigia kelele zake. Nani alikuwepo, nani kanenepa, nani kaja na mke wa pili. Baba akajibu. Akauliza. Lori zima likasikia. Nilikuwa sijamsikia Baba akiuliza kitu tangu msiba wa Busi.

Baadaye Mama akanivuta pembeni. Akasema, mwanangu, baba yako redio hajaisikia huu mwaka wa tatu, hata kwa hizo hedifoni zako. Anaifungulia mpaka mwisho ili majirani wasijue. Mimi hukaa kando yake nikirudia kila tangazo kwa ukali, kama mke mgomvi, ili asione haya. Siku ya tangazo la Busi ulinitumia mtu, nikaja kwako kumuuguza Joha. Basi.

Nimemshika Joha nikalia, yeye akanivuta hereni.

Jumapili, 18 Septemba

Redio ya zamani imerudi sebuleni. Imekaa juu ya spika ya Rukaya, kitambaa katikati. Dude la Dubai limekuwa meza, tena zuri, lina urefu unaofaa. Betri zilitoka kwenye ungo zina moto wao. Redio inakoroma, Mama anapiga kelele, amefariki mtu wa Chemba! Baba anauliza Chemba ya wapi, ya sokoni au ya mnadani? Mzee Bartolomayo, ndevu sasa zote zimeondoka, anasema yeye anamjua, alikuwa na ng'ombe mmoja mkorofi. Chai imeongezwa. Baba kamaliza sahani.

Redio yangu kapewa Joha, anaigonga sakafuni. Hedifoni Madhu kakataa kuzipokea tena dukani, eti zina nta ya mzee.

Fahadi kaniuliza kama sasa nimeelewa. Nimemwambia nimeelewa kila kitu. Niliziangalia redio tu, kumbe tatizo lilikuwa koo la Mama! Mwanamke wa umri ule kupiga kelele kila siku, litadumu mpaka lini? Na Baba macho yake ni mazima, bado anatunga uzi kwenye sindano. Kwa hiyo asisikie, atazame. Nasikia Dar es Salaam sasa wana televisheni. Huku kwetu haijafika, lakini Madhu anasema mtu akipata mlingoti mrefu wa kunasia picha, huenda siku moja. Hakusema ni siku gani. Nimeona mti mmoja mnyoofu nyuma ya banda la mbuzi wa jirani. Mama atafuma kitambaa cha kioo. Rukaya asijue.

Fahadi kaniuliza kitu hapo mlangoni, kitu kuhusu kumuuliza mzee. Nilikuwa napima urefu wa ule mti kwa macho.

Nimetikisa kichwa tu, kama nimemsikia.