Ombi la Kumrudisha Mume Wangu Chini ya Maji

Kilmorrach, kando ya Hori la Morrach,
Uskochi.
12 Mei

Kwa Kamanda,
Kituo cha Nyambizi cha Hori la Morrach.

Mheshimiwa Kamanda,

YAH: BWANA GREGOR MACLEISH KUREJESHWA BAHARINI HARAKA IWEZEKANAVYO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na nyambizi zako zote ziko salama huko ziliko, mahali ambapo sisi wengine haturuhusiwi kupajua. Mimi ni Senga, mke wa Gregor MacLeish, aliyekuwa msikilizaji mkuu wa sauti za majini. Mlimstaafisha Januari baada ya miaka ishirini na miwili. Mlimpa saa ya ukutani, mkampigia makofi, kisha mkaniletea mimi. Sikushauriwa.

Sipendi ufikiri kwamba anayekuandikia ni mtu wa kuja. Bibi yangu alikuwa akitia chumvi samaki aina ya heringi pale pale lilipo gati lenu la kwanza. Vita vya Pili vilipopamba moto walikuja mabaharia na vibanda vya mabati, wakasema watakaa mpaka vita viishe. Vikaisha. Mabati yakawa matofali, matofali yakawa zege, zege likazungushiwa waya, na heringi wakahama bila kuaga. Baba yangu ni mmoja wa waliolimwaga zege hilo. Mimi mwenyewe nilimenya viazi katika jiko lenu miaka mitatu, na ndiko nilikompata Gregor, kwa kuwa alikuwa mwanamume pekee aliyeweza kujua kwa mlio wa kisu changu kwamba nimekasirika.

Kazi ya Kituo naielewa vizuri kuliko baadhi ya maafisa wako. Siku ya kuwakaribisha wanakijiji, afisa mmoja kijana alitueleza kwamba lazima daima iwepo nyambizi moja chini ya bahari, na asiwepo mtu anayejua iko wapi. Adui asipojua, huogopa, akiogopa, hutulia, na hiyo ndiyo amani. Nilipiga makofi kuliko wote, maana ndoa yangu ilikuwa ikilindwa kwa utaratibu huo huo. Miezi mitatu Gregor hajulikani aliko, na amani tele. Sasa anajulikana aliko kila dakika. Yuko jikoni.

Maji yamenifika shingoni, Mheshimiwa. Naorodhesha malalamiko yangu:

1. MAJI YENYEWE. Ninaruhusiwa kuoga dakika tatu. Gregor husimama nje ya mlango na saa mkononi, na dakika ya pili ikitimia hugonga bomba kunionya. Mara mbili amefunga maji nikiwa na povu kichwani. Anasema maji matamu ni ya kuhifadhiwa. Kamanda, wewe unaishi hapa. Unajua mvua ya kwetu. Tangu Pasaka jua tumeliona mara nne, na mara moja kati ya hizo Ishbel, jirani yangu, anasema lilikuwa gari la maziwa limewasha taa.

2. CHAKULA. Amepanga makopo ya maharagwe sakafuni kwenye ukumbi mzima, akayafunika kwa mbao, na sasa tunatembea juu yake tumeinama ili tusigonge taa. Anasema huko chini safari huanza hivyo, na kadiri mnavyokula ndivyo mnavyorudi kuwa warefu. Tumeinama tangu Februari. Wala si hilo tu. Mnajua wenyewe kwamba mtu wa nyambizi haoni jua, basi siku huzijua kwa sahani: samaki ni Ijumaa, nyama ya kukaanga ni Jumamosi. Jumanne moja Ishbel alinigawia vipande viwili vya nyama nzuri, nikavikaanga mchana. Gregor alivila, akanyanyuka, akavaa sketi ya sherehe ya wanaume wa ukoo wake na soksi ndefu, akaenda kanisani kwenye harusi ya mpwa wangu, iliyokuwa Jumamosi. Alikaa benchi la mbele kwa muda wa saa mbili na mwanamke anayefagia kanisa. Nilipomuuliza kwa nini hakushangaa kumkosa bwana harusi, alinijibu hivi: "Watu walikuwa kimya, mke wangu, nikadhani ni amri."

3. BUSTANI. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilimpa. Alipanda viazi magunia mawili, kisha akasawazisha udongo na kurudishia nyasi hata pasionekane alama. Sasa viazi vipo lakini haijulikani viko wapi. Hataki kusema. Anadai hiyo ndiyo maana ya ulinzi.

4. KURUDIA AMRI. Nikisema, "Funga mlango," hujibu, "Funga mlango, ndiyo!" Hufunga, hurudi, husimama wima: "Mlango umefungwa!" Ishbel alivumilia chai moja tu. Alipoomba sukari, akaambiwa, "Sukari, ndiyo!" na "Sukari imefika!" aliniinamia akaninong'oneza, "Mwenzangu, huyu ni mume au ni mwangwi?"

5. USIKILIZAJI. Mlimfundisha kutambua meli kwa mlio wa injini yake. Sawa. Lakini hapa hakuna meli, kuna majirani. Huweka kiganja ukutani, hufumba macho, na hutangaza: "Upande wa kaskazini, Ishbel anafungua mkebe wa biskuti. Wa pili leo." Ukuta wetu ni mwembamba, Kamanda, na Ishbel naye ana masikio. Tangu siku hiyo haniletei kitu, nyama wala salamu. Kwa hiyo mmeniharibia ndoa na ujirani kwa msikilizaji mmoja.

6. MAJIBU. Hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Kwa miaka ishirini na miwili, kila alipokuwa safarini, Kituo kiliniruhusu kumwandikia maneno arobaini kwa wiki. Arobaini, si zaidi. Yeye hakuruhusiwa kujibu hata neno moja, maana nyambizi ikisema itajulikana iko wapi. Na habari mbaya zilikatazwa: afisa wenu alizisoma kwanza, akakata. Niliizoea kazi hiyo. Niliipenda, nikiri. Kuna mwanamke gani duniani aliyepewa na serikali mume anayesikia na hajibu?

Sasa imegundulika kwamba jumbe zote amezihifadhi, mia tatu na tatu, ndani ya buti lake la zamani. Na tangu Januari, kila asubuhi mezani, huchomoa mmoja, kwa mpangilio wa tarehe, akaujibu.

Niliwahi kumwandikia: "Nimenunua mapazia ya kijani. Unaonaje?" Mapazia hayo yalichakaa, yakawa matambara, matambara yakaisha. Februari hii ameweka kijiko chini na kuniambia, "Nimelifikiria sana hili. Kijani hapana." Niliwahi kumwandikia kwamba tangi la maji ya moto linavuja na fundi anakuja Alhamisi. Jibu limefika mwaka huu: "Mwambie aangalie vali ya chini kwanza." Tangi lilikwisha kuuzwa chuma chakavu, Kamanda. Fundi mwenyewe alikwisha kufa. Ninakunywa uji na mume anayeishi miaka kumi na mitano nyuma yangu na anakuja mbio.

Wiki iliyopita alichomoa ule wa mwaka wa nane. Wiki ile mama yangu alikuwa amefariki. Nilikuwa nimeandika hivyo, kwa maneno saba tu, na afisa wenu alinirudishia karatasi akaniomba kwa adabu niandike la kufurahisha. Niliandika: "Mama hasumbuliwi tena na magoti." Likapita.

Gregor alifurahi chini ya bahari wiki saba. Alimweleza mpishi. Akamweleza na nahodha, kwamba mama mkwe kapona. Alipotua gatini alikuwa na swali la dawa gani tuliyotumia, maana mama yake naye alisumbuliwa na magoti. Nilimwambia hapo hapo, kwenye mvua, watu wakipita. Siku kumi na moja baadaye mkamwita tena, na tangu hapo hatukulizungumza. Ndiyo desturi ya Kituo.

Basi wiki iliyopita aliusoma ule ujumbe, akasukuma bakuli la uji kando, akasema, "Pole, mke wangu. Ilikuwa haki yangu kulibeba jeneza, na sikuwapo." Miaka kumi na minne niliishi bila pole hiyo na nikaendelea vizuri tu. Imenifikia saa moja na nusu asubuhi, nimeshika mwiko, nikakosa pa kuiweka. Nililia juu ya jiko. Uji wa watu wawili ukamwagwa. Nauliza: huu ni utaratibu gani wa kumtunza mjane wa bahari? Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tulivyokubaliana. Hakuna aliyenionya kwamba lake lingekuja baadaye, moja moja, kila asubuhi.

Kwa sababu hizo, ninaomba kwa heshima zote:

(a) Bwana MacLeish arejeshwe nyambizini, walau miezi sita kwa mwaka.

(b) Kama umri haumruhusu, aruhusiwe kukaa ndani ya nyambizi mbovu iliyofungwa gatini, na aambiwe iko safarini. Hatajua tofauti mradi mnampa samaki Ijumaa.

(c) Kama hilo nalo ni zito, basi nichukueni mimi. Najua kumenya viazi, najua kunyamaza, na kuoga dakika tatu nimeshafunzwa. Yeye abaki nyumbani aniandikie maneno arobaini kwa wiki, na mimi nisijibu. Nadhani ni haki tu.

Mkinikatalia yote matatu, nitakwenda kukaa na wale kina mama wanaopiga kambi mbele ya lango lenu kupinga nyambizi. Tutaelewana kwa mengi isipokuwa bango. Langu nimeshaliandika: NYAMBIZI ZAIDI, WAUME WACHACHE.

Nisalimie mabaharia wote, walio juu na walio chini. Nisalimie askari wa lango mwenye mafua yasiyokwisha, umwambie vitunguu na asali. Nisalimie mpishi wenu, na umpe pole mke wake, maana nasikia naye anastaafu Desemba. Nisalimie na yule afisa wa kukata maneno, kama bado yupo. Mwambie simchukii, ila barua hii asiiguse.

Ni mimi mwananchi mtiifu, mwenye mgongo unaouma kwa kuinama,

Bi. Senga MacLeish

N.B. 15 Mei. Kabla sijabandika stempu, imefika barua yenu kwa Gregor, yenye muhuri. Mnamtaka arudi kazini mwaka mzima, aende kusini kuwafundisha vijana usikilizaji, aondoke Jumatatu. Yeye hajaiona, alikuwa nje akivilinda viazi. Nimewajibu kwa niaba yake kwamba hataki, na sahihi ni ya kughushi, nakiri mapema. Mkija kunishtaki njooni mchana, asubuhi tuna shughuli. Zimebaki jumbe mia na themanini, na sitaki zikatizwe na Jeshi. Leo amejibu ule wa mwezi uliofuata mazishi, niliomwandikia kwamba mlango wa nyuma nimeupaka rangi ya buluu na kwamba niko sawa kabisa. Alichonijibu sitakuambia, Kamanda. Si habari ya Kituo.