Machipuko ya Kufungwa kwa Uzi

Jumapili, 5 Februari

Theluji tena. Chini ya sandali kuna miguu ya watu wanne: ya Baba, ya Mama, yangu, na ya Shangazi Muattar, ambayo ni mikubwa na imeukalia upande wenye joto tangu Desemba. Sandali ni kitu kizuri, sikatai. Meza fupi, seredani ya mkaa chini yake, mfarishi mnene juu, chai ya kijani, aprikoti kavu. Mtu angetamani nini tena?

Mimi natamani chumba changu.

Shangazi alishuka kutoka kwake milimani, akatandikiwa godoro chumbani mwangu. Kila alfajiri anakaa godoroni na nyundo, anapasua kokwa za aprikoti, anakula viini na kunisimulia habari za meno ya marehemu mume wake. Nimesoma biolojia mjini Khujand hadi shahada! Nina mawazo ambayo hayajawahi kuwazwa na mtu hapa Isfara. Yanahitaji ukimya.

Leo nimemuuliza, kwa heshima zote, kama hakukumbuki nyumbani. Akajibu kwamba ataondoka siku mti wa aprikoti wa uani ukifungua ua la kwanza, maana ndivyo alivyomwahidi Baba. Mama akaitazama chai yake. Baba akakohoa.

Ua la kwanza! Mwisho wa Machi!

Jumatatu, 6 Februari

Nimepata! Mti haujui tarehe. Mti unajua joto na maji tu. Nimekata matawi machache yenye macho yaliyovimba, nikayatia kwenye ndoo, nikaificha bafuni nyuma ya tangi la maji moto. Machipuko yangu mwenyewe, ndani ya ndoo. Sijawahi kujipenda hivi.

Jumatano, 8 Februari

Msiba. Mama ameokota nusu ya matawi yangu akawashia samovari ya chai. Nilipiga yowe hadi jirani yetu Bi Oydin akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani amefariki. Mama akasema, mwanangu, si vijiti tu hivyo? Nikamwambia ni jaribio la kisayansi. Akanishika paji la uso. Akauliza kama nalala vizuri. Siku hizi ananiuliza hivyo kila mara, na sauti yake huwa laini kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. Ajabu!

Alhamisi, 16 Februari

Yamechanua! Meupe, yenye wekundu kidogo kooni. Nimekaa kwenye sakafu ya bafu nikayatazama hadi machozi yakanitoka. Baba akagonga mlango akitaka kujua kama naoga au naatamia mayai.

Kesho.

Ijumaa, 17 Februari

Andika yote, Mehrangez, andika sasa hivi.

Alfajiri nilipanda kigoda nikayafunga matawi yangu kwenye mti kwa uzi wa waridi kutoka mkebe wa ushonaji wa Shangazi. Mafundo madogo, kazi safi. Nikarudi kitandani, nikakoroma kwa makusudi.

Shangazi akatoka kutawadha. Birika likaanguka. Kisha sauti yake, nadhani ilifika sokoni: "Sobirjon! Toka nje wewe! Mti umefumbua macho!" Bi Oydin akaja ukutani akasema wa kwake bado mkavu kama mpini wa ufagio, sisi wetu tunaulisha nini? Sobirjon, yaani Baba, hakuwepo, alikuwa ameshaondoka kwenda kazini.

Na Shangazi? Alifungasha! Upesi kuliko nilivyothubutu kuota! Akasema kesho asubuhi anaondoka, ahadi ni ahadi. Nikamkunjia shuka. Labda nilikunja kwa kasi mno, maana alinitazama.

Nilikuwa nawaza nitaweka wapi meza yangu ndipo Baba akarudi kutoka sala ya Ijumaa. Akauona mti. Akavua kofia. Akaenda kuchukua sepeto.

Mtini! Niliusahau mti wa tini!

Babu aliupanda yeye mwenyewe. Kila vuli Baba anaulaza chini, anaufunika kwa nyasi kavu na udongo kama mtoto aliyelala, na haufunui hadi aprikoti ichanue. Haangalii kalenda, hasikilizi redio. Anautazama mti ule tu, kama baba yake alivyofanya. Na sasa alikuwa anachimba huku akiimba puani. Mume wa Bi Oydin akamwambia mapema mno, ndugu yangu. Baba akamjibu kwamba watu hudanganya, miti haidanganyi.

Nilisimama na sinia ya chai. Upepo ulikuwa unashuka kutoka milimani. Najua upepo ule unaleta nini. Sentensi mbili tu zingetosha.

Lakini mzigo wa Shangazi ulikuwa tayari mlangoni.

Nikamimina chai.

Jumamosi, 18 Februari

Nimeamka kwenye kimya. Hakuna nyundo. Godoro la Shangazi halipo. Ameondoka! Nikalala chali nikiyasubiri mawazo yangu. Hayakuja. Kikaja kitu kimoja tu: mtini.

Nilikimbia nje peku na mfarishi wangu. Theluji hadi kwenye magoti! Na pale pembeni mwa ua, badala ya mtini, kulikuwa na kitu kama ngamia aliyelala: godoro la Shangazi, mifarishi yake, shali yake, koti lake la harusini, vyote vimefungwa kamba. Seredani ya sandali ilikuwa inafuka kando yake. Na Shangazi mwenyewe amekaa juu ya ndoo.

"Umechelewa, binti," akasema bila kugeuka. "Wako ufunge upande huu wa upepo. Si unajua kufunga?"

Mkononi alikuwa na tawi lililoangushwa na theluji. Lenye uzi wa waridi.

Nikataka ardhi inimeze. Nikaropoka kwamba nilitaka tu arudi kwake. Hapo ndipo aliponishtua hadi nikakaa kwenye theluji: yeye mwenyewe anataka kurudi tangu siku ya pili! Ng'ombe wake yuko kwa jirani asiyejua kukamua. Chumba changu kinavuja baridi, na mimi usiku nasaga meno. Baba ndiye aliyempigia simu. Akamwambia binti amerudi na shahada, amejifungia, hali chakula na watu, anaongea na ukuta. Dada, njoo ukae naye hadi machipuko. Nyundo ilikuwa ya kuniamsha!

"Ulidhani navipenda vile viini? Vichungu kama dawa!"

Baba na Mama wakatoka. Wakaona godoro, uzi, maua yaliyotapakaa kwenye theluji. Baba hakugomba. Heri angegomba. Alimuuliza Mama kwa sauti ya chini kama wampigie daktari. Mama akasema amekuwa akioga na vijiti, Sobirjon, nilikwambia.

Nifanye nini? Nikisema sina kichaa, itabidi niseme nilikuwa namfukuza dada wa Baba. Nikinyamaza, mimi ni mgonjwa. Nilikuwa naelekea kwenye ugonjwa ndipo Shangazi akacheka hadi ndoo ikapinduka.

"Mzima huyu! Mwovu tu! Alitaka kunitoa!"

Na Mama akasema alhamdulillahi. Akalia kwa furaha! Sijawahi kuona familia ikishangilia hivyo uovu wa mtoto wao.

Baba peke yake hakucheka. Alipiga magoti mbele ya mtini, akaingiza mkono chini ya godoro, akapapasa matawi.

Jumapili, 19 Februari

Baba amekwaruza gome kwa ukucha. Kijani! Ncha za matawi zimekufa, shina ni zima. Nimeufukia kwa mikono yangu, naye amesimama juu yangu akisema weka nyasi, usibane, taratibu. Mwishoni akaniambia nikanawe. Nadhani huo ndio msamaha.

Kisha Shangazi akatangaza. Ng'ombe na asubiri. Hamwamini mtu yeyote wa nyumba hii mwenye shahada ya biolojia. Atakaa kuulinda mtini hadi ale tini iliyoiva kwa mkono wake mwenyewe.

Tini! Agosti!

Godoro lake limelowa, kwa hiyo amelala kitandani kwangu. Nikamweleza baadhi ya mawazo yangu. Alisikiliza yote, kisha akasema mama yake naye aliwaza hivyohivyo wakati wa kukanda unga. Wakati wa kukanda unga!

Jumanne, 21 Februari

Nimetafakari sana. Hila ni aibu. Kumhadaa baba ni dhambi. Miguu minane chini ya sandali moja ni neema ambayo wengi hawana. Nimeyaandika haya kwa moyo wote na ninayaamini.

Leo mchana pia nimekumbuka somo la mwaka wa tatu. Tini changa ikipakwa mafuta kwenye kitundu chake huiva haraka, wiki kadhaa kabla ya wakati wake. Mafuta ya kawaida tu, ya jikoni.

Tone moja kwa kila tini. Nani atajua?