Droo ya Kahawia Yapiganiwa

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Goti linauma. Gesine Ahlers ametangaza kwamba toleo jipya la Heide litatoka bila droo yangu.

Niandike wazi, nisije kufa na jambo hili moyoni. Heide ni eneokazi la Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure: madirisha, vitufe, ikoni, kila kitu ambacho jicho hukiona kompyuta ikiwashwa. Tunaitengeneza bure, watu kumi na wanne, na tunachukiana kama watu wa ukoo mmoja. Ikoni ya folda niliichora mimi, miaka kumi na saba iliyopita. Droo ya mbao, kishikio cha shaba, kivuli upande wa kushoto. Niliinakili kutoka kwenye meza ya marehemu baba. Meza iliuzwa. Droo imebaki kwenye ikoni tu.

Gesine ana miaka thelathini na moja, ndiye mkuu wa usanifu. Anataka kibapa cha buluu badala yake, mchoro bapa usio na kivuli. Anasema kimetulia. Hata maiti imetulia!

Jumanne, 5 Novemba

Mkutano wa mtandaoni. Nilihutubu dakika ishirini na mbili. Nilianza na wachonga mawe wa makanisa ya kale, nikapitia wachapaji, nikafikia udikteta wa pembe za mviringo. Ndipo nikaambiwa kipaza sauti changu kilikuwa kimezimwa. Folkert, rafiki yangu wa pekee mle ndani, alisema aliona mdomo unacheza akadhani nakula.

Gesine akaniambia, mzee Hajo, usijichoshe, kanuni ipo. Kitu hakiondolewi kama watumiaji kumi watakipigania kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni, kila mmoja na picha ya skrini yake kuwa ushahidi.

Kanuni naijua. Niliitunga mimi, mwaka ule nilipotaka kuiua saa ya mishale ya Folkert. Ikafa.

Jumatano, 6 Novemba

Nimetafuta watumiaji. Dada yangu ana simu tu. Daktari wangu wa meno aliniuliza Linux ni dawa ya nini. Folkert anasema ananipenda kama ndugu, ila yeye hatumii ikoni, anaandika amri kwa mkono kama mtu mzima.

Jumla: hakuna. Miaka kumi na saba! Nimechoka na wanadamu.

Kisha nikiwa natenganisha taka, chupa huku, karatasi kule, wazo likanijia. Kama watumiaji hawapo, si wazaliwe?

Alhamisi, 7 Novemba

Wamezaliwa. Ximena wa Chile. Bwana Oh wa Korea. Mfuga kondoo wa Iceland. Mtawa wa Ubelgiji. Na wengine sita. Kila mmoja nimempa makosa yake ya tahajia. Kila picha ya skrini ina mandhari yake: mlima, paka, bahari, msalaba. Kazi ya fundi! Barua ya mtawa imeniliza mwenyewe.

Jioni sukumawiki na soseji pamoja na Folkert. Aliniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema ni gesi.

Ijumaa, 8 Novemba

Barua kumi na moja. Moja si yangu!

Bibi Tjarks wa Husum, karani mstaafu wa kanisa, miaka sabini na tisa. Eti macho yake ni dhaifu, vile vibapa vya buluu vinampotea, lakini droo anaiona. Eti kivuli cha kushoto ndicho kinachomwonyesha ilipo. Eti inamkumbusha ofisi yake. Hakuna kosa hata moja la tahajia.

Nani aliwahi kusifia kivuli changu? Hakuna, hata mama. Huu ni mtego wa Gesine! Amepandikiza bibi wa bandia ili amfichue, kisha azifute barua zote. Nimemwahi. Nimeandika hadharani, mistari arobaini, kwamba Bibi Tjarks hayupo, hajawahi kuwapo, na aliyemtunga hajui kutunga watu.

Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 9 Novemba

Gesine amezipanga picha zangu kumi bega kwa bega, mbele ya wote. Chile, Korea, Iceland, nyumba ya watawa. Pembeni, kila saa inasoma kati ya 14:03 na 14:12. Na betri inashuka, kutoka asilimia 41 hadi 38, kwa foleni, mmoja baada ya mwingine. Akauliza, mzee Hajo, hawa watu wako kumi wanapakatishana kompyuta moja?

Folkert ameandika neno moja. Pole.

Kisha Gesine akanipigia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo baya. Alisema Bibi Tjarks yupo, ameongea naye. Alikuwa ameshaamua kuibakiza droo kwa ajili ya bibi huyo mmoja, maana macho dhaifu hayahesabiwi kwa kumi. Ila sasa bibi ameudhika. Amesema katika miaka sabini na tisa ameitwa mengi, lakini hajawahi kuitwa hayupo. Amehamia buluu, ameikuza. Gesine akanipa anwani yake. Mwombe radhi, baba, akasema. Akirudi kabla ya kesho saa kumi na mbili, droo inabaki.

Jumapili, 10 Novemba

Kimya cha Jumapili. Jengo zima hata msumari haugongwi. Nimeandika barua ya radhi. Ilianza vizuri: Bibi mpendwa. Ukurasa wa pili nikajikuta kwenye pembe za mviringo. Ukurasa wa nne bibi ndiye mwenye hatia, kwa kuandika bila makosa kama mtu wa bandia.

Nimeituma.

Saa kumi na mbili imepita. Droo imeondolewa. Nimefungua kompyuta mpakato ya zamani, yenye droo bado, nikaitazama kidogo. Kishikio kile. Baba alikuwa akikivuta kwa vidole viwili.

Jumanne Gesine analeta hoja ya kuondoa ikoni yangu ya pipa la taka, lile la bati. Basi nimekaa, nimejichunguza kwa haki, bila kujihurumia, nione nilikosea wapi.

Nimepaona. Saa! Ximena nitamrekebishia saa ya Chile. Na mtawa nitampa kompyuta ya mezani. Haina betri.