Mwongozo Wangu wa Kisiwa cha Réunion

Jumapili, 5 Julai

Alhamdulillah! Riziki imebisha hodi. Mama Jeannine, msusi wa Kikongo wa chumba cha mbele hapa mtaani Bellevue, anasafiri Alhamisi kwenda kisiwa cha Réunion. Bintiye Héritière anaolewa huko. Mama hajawahi kupanda ndege, na anaogopa asije akamwaibisha binti mbele ya wakwe. Alikaribia kuahirisha safari. Nikamwambia aondoe shaka, Réunion naijua kama kiganja changu. (Upande huo sijawahi kuvuka Durban.) Mapatano: mimi namfundisha, yeye ananilisha. Leo pondu, kisamvu cha kwao, na makayabo, samaki wa chumvi. Nimelamba vidole.

Jumanne, 7 Julai

Somo la kwanza. Huko wanatumia yuro, si randi. Magari hupita kulia, kwa hiyo akivuka barabara atazame kushoto kwanza. Kweli tupu, nimesoma kwenye simu. Nikaongeza Kifaransa kidogo. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasahihisha kila neno. Kumbe shule yote ya Lubumbashi kaisoma kwa Kifaransa! Chai akanipa hata hivyo. Moyo gani huo!

Kisha mavazi. Gaston, fundi cherehani wa jirani, akajitia kimbelembele. Ati wakwe wanakaa milimani, ati Julai kuna baridi. Mtu wa Lubumbashi, bahari kaiona wapi? Mimi mzaliwa wa Tanga! Kisiwa ni kisiwa: jua, nazi, nguo nyepesi. Nikamshauri Mama aliache lile koti lake zito kwangu, nimtunzie.

Nimelijaribu chumbani, maana baridi ya hapa haina huruma. Joto la ajabu! Mungu amzidishie mama yule.

Alhamisi, 9 Julai

Uwanja wa ndege. Nilimjazia Mama begi zima la biltong, nyama kavu ya huku, maana ukweni hawaendi mikono mitupu. Gaston akavua koti lake mwenyewe akamvika. Nikacheka. Akabaki na shati, akatetemeka mpaka tulipofika nyumbani. Nilitaka kumsitiri, lakini koti nililovaa ni la Mama, na amana ni amana.

Jumapili, 12 Julai

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama! Forodha wamechukua biltong yote, nyama hairuhusiwi kuingia. Halafu: “Twalib, mwana yangu, huku ku mulima baridi iko ya kuua!” Yeye na mama wa bwana harusi walijifunika koti moja la Gaston nje ya kanisa, wakacheka mpaka machozi. Sasa hawaachani. Binti hakuaibika hata chembe.

Nikangoja matusi yangu. Badala yake akanishukuru! Anasema bila masomo yale asingethubutu kupanda ndege, na harusi ya mwanawe angeisikia kwenye simu tu. Nimelia, sifichi. Nani mwingine mjini humu ananiita mwana?

Nikampelekea Gaston koti la Mama. Anakohoa, maskini. Akalipokea, akanivutia kiti karibu na hita, akanimiminia chai. Watu wema wapo, wallahi.

Mara akaingia Ishaka, fundi simu wa mtaa wa Berea. Mwezi ujao anakwenda kisiwa cha Mayotte, akauliza kama kuna anayepafahamu. Nikawahi kumwambia nimekulia kule. Gaston akapaliwa na chai. Mimi nikamuuliza Ishaka mkewe hupika nini Jumapili.