Sahani ya Ukingo wa Buluu

Jumatatu, 15 Aprili 1957

Bahati imefika Pumwani, tena mlango wa pili kutoka kwangu! Walter Amolo, karani wa reli, mpangaji mwenzangu katika nyumba ya Bi Muhiba, amerudi kutoka hospitali na bintiye Roseline. Mtoto wa miaka saba, tumbo limevimba, miguu kama njiti za kiberiti. Daktari kasema adui ni ngano. Ngano! Kumbe kuna matumbo hayapatani nayo hata chembe, na madaktari wa ng'ambo wenyewe wamelijua hilo juzijuzi tu. Asile mkate, chapati wala andazi. Tarehe ishirini na tisa atapimwa uzito. Asipoongezeka, analazwa wodini, na hakuna anayejua atatoka lini. Mkewe Walter yuko Kisumu anamuuguza mama yake. Walter mwenyewe anajua kupika chai tu.

Sasa, Walter ni mjumbe wa kamati ya ukumbi wa mtaa wetu, na ukumbi huo unatafuta mtu wa kuendesha kantini. Mimi Hamidi nimechoka kuuza chai chini ya turubai. Nikamwambia vyakula visivyo na ngano ndiyo fani yangu, nilijifunza Lamu. Sijawahi kufika Lamu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga. Niliona haya kidogo. Kidogo tu.

Bi Muhiba, mwenye nyumba na malkia wa mahamri, alicheka mpaka kanga ikamvuka begani. Alisema mimi hata nikichemsha maji yanaungua.

Jumanne, 16 Aprili

Mpango wa kwanza: tambi za nazi na iliki. Laini, tamu, mtoto atanona. Nilishaanza kuzikaanga Bi Muhiba alipopita, akaniuliza hizo tambi zimetengenezwa kwa unga gani. Nikamjibu tambi ni tambi. Akauliza tena. Nikafikiri. Nikafikiri zaidi. Ya Rabi, ngano! Nikamwambia nilikuwa nampima yeye. Tambi tukafuturia sisi wakubwa. Sukari ilizidi. Mtu kafunga, ataonjaje?

Roseline nikampikia wali na samaki wa ziwani aliyekuja na treni. Wali hauharibiki. Chini uliungua, lakini juu ulikuwa mzuri.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya balaa. Niandike kwa utaratibu.

Mtoto alishaanza kutengenea. Anakula, anaomba aongezewe, juzi aliruka kamba uani. Walter akaanza kuniita ndugu yangu. Nami nikaanza kufikiria rangi ya kupaka kantini. Basi nikaona nimkomeshe Bi Muhiba. Nikampelekea vibibi vya unga wa mchele kwenye sahani yangu bora, ile ya ukingo wa buluu.

Jana magharibi sahani ikarudi. Si tupu, bila shaka! Nani hapa anarudisha sahani ya jirani tupu, tena mwezi wa Ramadhani? Alitia mahamri, makubwa, yamefura. Nikayala yote. Nikaipangusa sahani kwa kitambaa, nikampakulia Roseline wali wake humo humo.

Leo mtoto yuko hoi. Anatapika, tumbo linamsokota, amejikunja kitandani. Walter amemshikia beseni, amenipa mgongo. Heri angenitukana.

Nikamwendea Bi Muhiba uani, mbele ya wapangaji wote, nikapaza sauti kwamba mahamri yake yamemdhuru mtoto. Akaniuliza kama sahani niliiosha. Nikasema niliipangusa. Bi Muhiba akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akalia. Sikujua kwamba Bi Muhiba hulia. Alisema mahamri aliyatia kwa mkono wake mwenyewe, kwa mazoea tu, hakumkumbuka mtoto. Nami nikalia. Ni saumu ile, ilikuwa imenikaza.

Jumapili, 21 Aprili

Leo Pasaka, lakini Walter hakwenda kanisani, ameshinda na mwanawe. Bi Muhiba ametoa amri: unga wa ngano hauingii nyumba hii mpaka mtoto apimwe. Mahamri basi! Tena kumi la mwisho la Ramadhani! Wateja wamefika mlangoni wakanuna, wakaenda zao. Amenunua sufuria mpya, mwiko mpya, mafuta mapya, vyote vya Roseline peke yake. Mchele anautwanga mwenyewe kwenye kinu alichokisugua kwa maji moto.

Na sahani yangu ya buluu imetwaliwa! Sasa ni ya Roseline. Bi Muhiba ametangaza kwamba sahani hiyo ikitoka irudi tupu, imeoshwa, na atakayeitia kitu akatafute chumba mtaa wa Shauri Moyo. Jirani yetu Falis alishika kifua. Sahani tupu, mwezi mtukufu, watu watasemaje? Bi Muhiba akamwambia waache waseme.

Kazi niliyopewa mimi ni kuosha vyombo. Fundi mzima wa Lamu!

Jumatatu, 29 Aprili

Ameongezeka! Daktari alimpima mara mbili, hakuamini. Wodini haendi! Walter alianza kupiga kelele tangu barabarani, karani wa reli na tai yake shingoni. Bi Muhiba akapiga vigelegele. Mimi nikambeba Roseline mabegani, nikazunguka naye uani. Mzito! Nimefurahi sana, nasema kweli.

Baadaye Walter akaniita faraghani. Kantini kamati imempa Bi Muhiba. Nani kampendekeza? Walter. Mimi nitakuwa mwosha vyombo. Nimekubali. Nikishaingia ndani, nitajua la kufanya.

Alhamisi, 2 Mei, Idi pili

Mpango mpya, tena huu haukosei. Mtoto amepona mikononi mwangu, lazima mji ujue. Nitachora kibao: Profesa Hamidi, Bingwa wa Vyakula Bila Ngano. Nahitaji ushahidi tu. Nikapika vitumbua vya mchele, hata mimi nilistaajabu vilivyotoka. Nikachukua sahani yangu nyingine, iliyorudi asubuhi kutoka kwa Falis na sambusa. Nikaipangusa vizuri sana. Safari hii mara mbili.

Roseline alikuwa amevaa gauni la Idi aliloshonewa na Bi Muhiba. Aliitazama sahani, hakugusa kitu. Akaniuliza ilikuwa wapi. Nikamwambia kabatini. Akaniuliza kabla ya kabatini. Nikaanza kueleza. Akavifunika vitumbua kwa kawa, akaninyooshea sahani kwa mikono miwili, imejaa vilevile kama nilivyoileta.

Mtoto ana adabu huyu! Amekaa nasi kidogo tu, na tayari anajua kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu. Kesho nampelekea nyingine.