Mataji Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Agosti 1981

Daftari, niwie radhi. Tangu Machi sijakugusa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo moja tu, na hilo sikutaka kuliona limeandikwa. Haya, naliandika liishe: Eliasi, baba Angelina, alifariki Alhamisi tarehe 19 Machi. Malaria ilimpanda kichwani. Siku nne tu. Nimeandika. Tuendelee.

Leo imefika barua ya wakwe kutoka Kilema. Nimeisoma mara tatu huku nakoroga uji. Uji umeungua. Theophil, mdogo wake marehemu, anakuja Jumamosi kuchukua kamera. Wazee wamekaa. Wamesema kifaa cha kazi cha marehemu hakikai bila mkono. Kama nyumbani yupo anayekifanyia kazi, kibaki naye. Kama hayupo, kirudi kwa mdogo wake. Theophil ni fundi baiskeli! Atapiga picha nini, spoki?

Eliasi hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha kamera na Angelina, miaka mitatu, mwenye kicheko cha baba yake na ubishi wangu. Nyota njema hizo mbili, siachi hata moja.

Nikaenda Mtaa wa Sikukuu, studio kwa Mzee Mbaruku alikokuwa akifanya kazi Eliasi. Shikamoo, marahaba. Nikamwomba barua yenye muhuri, iseme mimi ni mpiga picha wake. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akasema muhuri wake haujawahi kusema uongo na hautaanza uzeeni. Ila. (Nampendea hizo ila zake.) Ila kuna mchoraji wa khanga anataka picha za viumbe waliozaliwa na taji, ndege hasa, achore doti mpya. Kazi ilikuwa ya Eliasi. Nikileta tatu safi kabla ya Ijumaa jioni, barua ninayo.

Filbert, anayekalia kiti cha Eliasi siku hizi, akadakia: mama Angelina apige picha? Kwanza ajue kamera inashikwa upande gani! Nikamwambia ule upande usio na mdomo mkubwa kama wake.

Kamera naijua. Miaka minne nimemshikia Eliasi mwavuli. Ina macho mawili, la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Unainamisha kichwa, unatazama kwa juu, unabonyeza. Filamu imo, aliiweka mwenyewe. Picha kumi na mbili. Kirungu cha pembeni sigusi. Siku zote alinifokea: usikizungushe hicho, mama, filamu mjini hakuna, utaimaliza bure. Sikizungushi. Mke mtiifu, hata sasa.

Jumanne, 4 Agosti

Sokoni Kariakoo. Angelina mgongoni, kamera kifuani. Natembea kama punda wa chokaa.

Jogoo mwekundu katika tenga, upanga wake umesimama kichwani kama amekabidhiwa nchi. Mwenye kuku akakataa. Akasema jogoo akipigwa picha hupungua uzito, na wanunuzi wa siku hizi wanakuja na mizani machoni. Nikamsifu jogoo. Hakutaka. Nikamsifu yeye. Akavaa kofia vizuri, akakaa kando ya tenga, akaniambia nianze. Mbili.

Kanga mmoja, ana kipembe cha mfupa kichwani. Moja.

Mananasi, taji la majani. Mbili. Nanasi halikatai wala halina mwenyewe mwenye maneno. Lingekuwa na mabawa ningekuwa nimemaliza kazi.

Kila nikibonyeza natia alama ya mkaa ukutani nikirudi. Tano. Zimebaki saba. Filbert amenipita akiwa na kamera yake ya begani, akauliza kama nimeanza kuuza matunda.

Angelina anacheza na kopo barazani. Analiweka juu ya kigoda, anarudi nyuma mbio, anakaa, anacheka. Nikamuuliza mchezo gani huo. Akasema ni wa baba. Baba alikimbia, akakaa. Nikamwambia ale.

Jumatano, 5 Agosti

Usiniulize korongo taji anapatikana wapi katikati ya Dar es Salaam. Asubuhi nzima nimewaza. Jibu: maumbile yasaidiwe.

Mama Candida wa chumba cha pili ana bata bukini, mweupe, shingo ndefu, tabia ya mjumbe wa mkutano. Sikumwomba. Alikuwa kisimani. Nikachukua fagio, nikakata chelewa nyembamba, nikazigandisha kwa uji mzito wa muhogo juu ya kitambaa, nikamvika kichwani. Kwa mbali: korongo! Kwa karibu: bata aliyelazwa wodini. Nikapiga kwa mbali. Tatu.

Kisha akatoka.

Foleni ya sukari ilianza alfajiri mbele ya duka la ushirika. Bata akaingia katikati na taji lake. Watu wakatawanyika. Waliokuwa mwisho wakajikuta mbele, na wa mbele wakataka kujua nani mwenye mnyama yule. Bwana mmoja akasema kwa sauti kwamba hii ni nchi ya wakulima na wafanyakazi, bata amepata wapi ufalme? Mwingine akasema apelekwe kwa katibu wa tawi akajieleze. Bibi mmoja akasema mwacheni, huenda yeye anajua sukari iko wapi.

Nikamkamata chini ya mkokoteni. Mama Candida alikuwa amesimama, ndoo kichwani, ameona yote. Nilingoja matusi. Hakutukana. Akamtoa bata chelewa moja moja, kisha akaniuliza tangu msiba ninalala kweli? Nikasema nalala. Akasema hayo ya bata nimekusamehe, mwenzangu, lakini hilo la kulala ni uongo.

Fagio limekwisha. Zimebaki nne.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimempata korongo wa kweli! Upanga, bustani ya bwana mkubwa mmoja. Gaudens, mtu wa kwetu Masasi, ndiye mtunza bustani. Akasema dada, wageni hawaruhusiwi, naweza kupoteza kazi. Nikamuuliza dobi je? Akasema dobi anaingia. Basi nikafunga kamera ndani ya bunda la nguo, nikaingia dobi.

Daftari, sijui kueleza. Taji lile si manyoya. Ni nyuzi za dhahabu, kila uzi umesimama peke yake na jua linapita katikati. Nilisahau kubonyeza. Gaudens akanikumbusha nisije nikakaa mpaka mwaka mpya.

Ndege alikuwa anacheza mbele ya dirisha la kioo. Anaruka, anafungua mabawa yaliyokatwa, anainama, anangoja. Gaudens akasema walikuwa wawili. Jike lilikufa kabla ya masika. Tangu hapo huyu hucheza na kioo, na yule wa kwenye kioo naye hajamkatalia.

Nikapiga nne. Ya mwisho sikuiona vizuri. Vumbi.

Nikageuka kuondoka, mama mwenye nyumba huyu hapa. Akafurahi sana. Dobi wake hajafika wiki nzima. Nimefua mashuka sita na mapazia ya sebuleni. Gaudens alikuwa anamwagilia ua moja kwa muda wa saa mbili, mgongo unamtikisika kwa kicheko.

Kumi na mbili zimetimia. Mikono imechubuka. Barua ya muhuri nainusa!

Ijumaa, 7 Agosti

Nilipeleka kamera saa tatu asubuhi. Mzee Mbaruku akampa Filbert filamu akaisafishe katika chumba cha giza. Nikakaa benchi la wateja, Angelina mapajani. Nilivaa gauni la Pasaka.

Filbert akatoka anacheka. Akasema filamu nzima ni tupu isipokuwa mahali pamoja, na pale mahali pamoja wamekusanyika jogoo, mananasi, bata mgonjwa na sijui nani tena, mkutano mkuu! Akainua ukanda kwenye mwanga anioneshe. Akatazama tena. Akaacha kucheka. Akamwita mzee kwa sauti ya chini, na Filbert hana sauti ya chini.

Mzee Mbaruku akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu mwenye homa. Kila picha, kirungu kile lazima kizungushwe, ili filamu isogee ije sehemu mpya. Usipozungusha, zote zinakaa juu ya moja. Eliasi alikuwa anazungusha kabla ya kupiga, si baada. Kwa hiyo filamu ilikuwa imelala pale pale alipoiacha yeye.

Nikauliza aliiacha wapi.

Mzee akaingia chumba cha giza mwenyewe. Alikuwa na karatasi moja tu ya picha iliyobaki, na hajui nyingine itafika lini. Akaitumia.

Ni picha ya nyumbani, kwenye baraza letu. Aliweka kamera kwenye kigoda, akaitegeshea ijipige, akakimbia akakaa na mtoto. Jumapili ile kabla ya kuugua. Mimi nilikuwa foleni ya maji. Sikujua. Mtoto alinieleza mwenyewe, nikamwambia ale.

Na juu yake nimempiga mara kumi na mbili.

Kati yote ni nyeupe, rojo la manyoya. Lakini pembe moja imesalia. Mzee akanionesha: kidole gumba changu, kila mara, kilikuwa kimeziba jicho la chini pembeni, na kwa kutazama juu nisingekiona. Pale kilipoziba, mataji hayakufika. Hapo yupo Angelina, uso mzima. Upo mkono wa Eliasi begani kwake. Ipo nusu ya kicheko chake. Nusu ya pili ni jogoo.

Barua sikuiomba. Mzee hakuitoa. Filbert alinibebea mtoto mpaka nyumbani. Simpendi zaidi, lakini naandika ilivyokuwa.

Jumamosi, 8 Agosti

Theophil kafika saa nne na mkungu wa ndizi. Kakonda. Ana masikio ya Eliasi, sikuwahi kuyaona hivyo.

Nilikuwa na mpango, bila shaka. Nikamwambia hiyo ni staili mpya, picha nyingi kwa bei ya moja, Ulaya ndiyo wanapiga hivi. Kaishika picha kwa ncha za vidole, maana vidole vyake vina grisi isiyotoka. Akaitazama. Akauliza huu mkono ni wa kaka? Nikasema ni wake. Akakaa chini sakafuni, kigoda kipo.

Baadaye akasema shemeji, umempiga mara kumi na mbili na bado hajatoka.

Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Akasema mama yake hana picha ya Eliasi tangu kipaimara. Akanipa shauri. Nimpe picha na ule ukanda wake, apeleke Kilema, na yeye atawaambia wazee amenikuta kazini, kamera ibaki. Moshi kuna studio, huenda wana karatasi.

Huenda! Kitu hicho hicho nilichokihangaikia wiki nzima, nimefua hadi mapazia ya watu, kimewekwa mbele yangu. Ningesema ndiyo tu.

Nikasema hapana. Nikamwambia shemeji, kamera ichukue. Picha haipandi basi. Mama akitaka kuuona mkono wa mwanawe, aje. Atalala kitandani kwangu, nami nitalala chini, na mjukuu ataushika mkono wake mzima mzima. Mzee Mbaruku akipata karatasi, nakala ya kwanza ni yake.

Hakukasirika. Akasema ndivyo kaka alivyokuwa anasema juu yangu, kwamba mimi mlango wa mninga. Akaifunga kamera ndani ya shati lake la pili, akafunga mikono ya shati mafundo mawili, akaifungua, akaifunga tena. Angelina akamuuliza anaipeleka wapi. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema inakwenda kumwona bibi.

Ndizi ni nzuri. Sijala.

Jumatatu, 10 Agosti

Mzee Mbaruku kasema mchoraji wa khanga bado hajapata mataji yake. Filbert alikwenda Upanga na korongo kamdonoa goti. Nasikitika sana. Nimecheka mpaka nikashika ukuta.

Maana yake nafasi ipo.

Nimefikiri. Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la bata. Leo namwandikia dada yangu Hyasinta, Masasi, na nisije nikasahau, naviandika hapa kwanza ninavyohitaji aniletee:

Kamera. Paroko wetu anayo, haitumii ila Krismasi. Amwambie ni ya wiki mbili.

Filamu moja tu, inatosha. Sasa najua kuzungusha. Nitazungusha nusu nusu, zitoke ishirini na nne, na watu wa studio watashangaa.

Barua ya paroko huyo huyo, yenye muhuri, iseme mimi ni mpiga picha wa siku nyingi. Asahihishwe asiandike mjane. Aandike fundi.

Sabuni, mche mmoja. Ikikosekana, nusu.

Viatu vya Angelina. Nimechora wayo wake nyuma ya karatasi. Aongeze upana wa kidole, anakua.

Na kuku mmoja wa kishungi, hai. Kishungi kiwe kikubwa, kimfunike macho. Amfunge miguu kwa kamba laini, amkabidhi utingo wa basi la Ijumaa, ampe na punje za mtama za njiani. Dume au jike sijali. Awe mtulivu tu. Asiwe wa kuondoka nikiwa bado namtazama.