Mkungu Juu ya Kichwa

Jumatatu, 16 Juni
Bahati imenikumbuka. Mzee Rugemalira wa Ijumbi, baba yake Edvina ninayetaka kumuoa, amepita hapa Hamugembe akitafuta mtu wa kunyanyua mikungu ya ndizi kwenye mnada wa mavuno kanisani kwao Jumapili. Mkungu sharti uinuliwe juu ya kichwa, hata walio nyuma wauone. Nimejitolea kabla jirani yangu Audax hajafungua mdomo. Audax ana mabega. Mzee ameniangalia juu mpaka chini, akasema haya, bila furaha.

Jumanne, 17 Juni
Nimeanza jimu. Bomba la chuma, makopo mawili ya saruji. Mwalimu ni Judica, mwanamke mfupi, hana masihara. Ameniambia miguu iwe upana wa mabega, tumbo na makalio nikaze, viwiko vikae mbele kidogo ya bomba, kidevu nirudishe nyuma lipite, kisha nisukume wima huku nikitoa pumzi. Mgongo usipinde. Maneno mengi kwa kazi ndogo. Nikauliza tunanyanyua lini. Akanipa mpini wa fagio.

Jumatano, 18 Juni
Mpini tena. Audax kaja, kanyanyua makopo makubwa mara kumi, kisha kaniuliza kama ninafagia. Imeniuma.

Ijumaa, 20 Juni
Nimegundua siri! Judica alipotoka kupokea simu, nikachukua bomba la Audax. Ukiegemea nyuma ukaangalia paa, linapanda. Judica kanikuta, akasema nimepinda kama mgomba usio na nguzo, na kwamba mgongo utanidai. Hapendi mwanafunzi amzidi.

Jumapili, 22 Juni
Uwanja wa kanisa umejaa. Mkungu wa kwanza, nikaegemea nyuma, ukapanda. Mgongo ukalia ka! Nikakwama hapohapo, uso mbinguni, mikono juu. Mama mmoja akadhani ninaomba, akaitikia amina. Machozi yakanitoka, ya maumivu na ya aibu, maana Edvina alikuwa mbele kabisa.
Ndiye aliyekuja. Akaupokea mkungu, akapanga miguu, akakaza tumbo, akausukuma wima. Kazoea shambani, hakushikishwa mpini na mtu. Mikungu yote iliyobaki kainua yeye.
Audax kanipakia kwenye gari. Kafanya kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 23 Juni
Nimelala kifudifudi. Edvina kapiga simu. Eti tata, yaani baba yake, amesema mtu aliyekwama vile bila kuuachia mkungu hatamwacha binti yake njiani. Niende kujitambulisha mwezi ujao. Edvina ameniomba, waitu, tafadhali, niende mikono mitupu, nisinyanyue kitu chochote. Nimelia tena, safari hii kwa furaha.
Nimeshamwandikia Judica. Nataka anifundishe kuingia ukweni na mbuzi mzima juu ya kichwa, kwa mkono mmoja. Habari za mgongo nimemwambia asijisumbue.